Injini ileile, duka tofauti: yaliyowafika Fiat kule India

Mwezi Julai mwaka 2025 kampuni mbili za kigeni zilifungua maduka ya magari India, na kila moja ilikuja na njia yake. Tesla ya Marekani ilifungua Mumbai, katika eneo la Bandra Kurla. Duka ni lake mwenyewe, wauzaji ni wake mwenyewe, na hakuna wakala katikati. VinFast ya Vietnam ilifungua Surat, jimbo la Gujarat, kwa kupitia wafanyabiashara wa palepale waliotia sahihi kuwa mawakala wake. Mwezi uliofuata VinFast ikazindua kiwanda Thoothukudi, upande wa Tamil Nadu. Tesla haina kiwanda huko. Magari yake yaja kwa meli, yatozwa ushuru wa forodha, na Model Y ikaanza kuuzwa kwa bei iliyokaribia rupee laki 60.

Laki hiyo ni laki yetu hii hii, mia elfu. Na neno gari lenyewe tulilipata kwa Wahindi, kwa hivyo tukizungumza magari ya India hatuendi mbali sana.

Wengi walioandika habari hizi waliangalia betri na mwenye kampuni. Mimi nikaangalia duka. Ukitaka kujua gari litakaa miaka mingapi barabarani, usiulize injini peke yake, uliza duka lauzalo ni la nani, na siku mwenye kampuni akifunga virago nani atabaki na hasara. India ina majibu mengi ya swali hilo. Lililonigusa mimi zaidi ni la Waitaliano, yaani Fiat, na nina sababu yangu.

Mwaka 2009 nilimpeleka mamangu Bombay kwa matibabu, kama wafanyavyo watu wengi wa Pwani wanaopata nauli. Wiki tatu tulikuwa tukipanda teksi nyeusi zenye paa la manjano, gia ikiwa pale kwenye usukani, mizigo juu, madirisha ya kuzungusha kwa mkono. Nilimuuliza dereva mmoja gari gani hii. Akajibu kwa fahari kabisa, "Fiat." Nilishangaa, maana kwa jina ilikuwa Premier Padmini. Lakini alikuwa na haki. Padmini ilikuwa ni Fiat 1100 ya zamani, iliyoundwa kwa leseni na kampuni ya Kihindi iitwayo Premier Automobiles, kiwanda chake kikiwa Kurla mjini humo humo. Iliundwa kwa miongo hadi kufikia mwanzoni mwa karne hii. Teksi za mwisho za aina hiyo zilitolewa barabarani Mumbai mwezi Oktoba 2023, zilipotimiza ukomo wa miaka 20 waliowekewa wenye teksi.

Basi fikiria. Hii ni kampuni ambayo jina lake lilikuwa kinywani mwa kila dereva wa teksi wa mji mkubwa kuliko yote wa biashara India. Watu waliijua, mafundi waliijua, spea zake zilipatikana kila pembe. Miaka kumi baada ya safari yangu ile, Fiat ilikuwa haiuzi hata gari moja jipya India kwa jina lake. Ilifikaje huko?

Ilianza mapema. Mwaka 1996 Fiat na Premier walileta gari dogo liitwalo Uno. Wahindi waliliagiza kwa kishindo, maagizo yakapita laki mbili, watu wakiwa wametoa malipo ya kutangulia. Kiwanda cha Kurla kikaingia kwenye mgomo wa wafanyakazi. Waliopata gari walikuwa wachache mno ukilinganisha na walioagiza. Mtu aliyeweka akiba yake, akalipa, akangoja, akazungushwa, huyo hakusahau. Na hakukaa kimya, alimwambia shemeji yake na jirani yake.

Mwaka 2001 Fiat wakarudi na Palio, wakamchukua Sachin Tendulkar mwenyewe kuitangaza. Kwa asiyefuata kriketi, nitasema tu kwamba India hakukuwa na jina kubwa kupita hilo. Palio ilianza vizuri, kisha ikaporomoka. Malalamiko yalikuwa ni unywaji wa mafuta na huduma mbovu baada ya kununua. Na huko Turin kampuni mama ilikuwa taabani, karibu kufilisika, hadi Sergio Marchionne alipokabidhiwa usukani mwaka 2004. Mgonjwa hawezi kuuguza mwenzake, India ikaachwa ijitazame.

Ndipo mwaka 2006 wakafunga makubaliano na Tata. Kwenye karatasi yalikuwa makubaliano ya akili. Tata alikuwa na maduka na gereji nchi nzima lakini alihitaji injini nzuri za dizeli. Fiat alikuwa na injini nzuri za dizeli lakini hakuwa na maduka ya maana. Tata akakubali kuuza na kuhudumia magari ya Fiat katika maduka yake, na mwaka 2007 wakaunda kampuni ya pamoja, nusu kwa nusu, yenye kiwanda Ranjangaon karibu na Pune. Pale yangetoka magari ya wote wawili na injini za wote wawili.

Injini yenyewe ndiyo kiini cha kisa hiki. Ni dizeli ndogo ya lita 1.3, Fiat wakiiita Multijet. Ilikuwa na nguvu, haili mafuta, yavumilia. Suzuki nao, kwa kupitia kampuni yao ya Maruti, walipata leseni ya kuiunda wakaitia ndani ya Swift na Dzire wakaiita DDiS. Tata wakaitia ndani ya Indica Vista wakaiita Quadrajet. Hata General Motors walitumia jamii ya injini hiyo katika Chevrolet zao. Ikawa inatembea kila mahali hadi waandishi wa magari wa India wakaipa jina la utani, injini ya taifa.

Sasa chukua magari mawili. Moja ni Swift na jingine ni Punto, iliyoletwa na Fiat mwaka huo wa 2009. Moyo ni mmoja. Punto wengi waliisifu kwa bodi nzito na kutulia barabarani, na Linea, ndugu yake mwenye buti, ilikuwa nzuri kwa macho kupita nyingi za bei yake. Lakini Swift ya dizeli watu walikuwa wakiingojea kwa miezi, na Punto ilikuwa ikimngoja mtu dukani.

Tofauti ilikuwa duka. Maruti ana maduka ambayo leo yamepita 3,000, hadi kwenye miji ambayo sisi hatuwezi kuitamka, na mafundi wanaolijua gari lake kama mtu ajuavyo kiganja chake. Fiat ilikuwa mgeni ndani ya nyumba ya Tata. Muuzaji wa Tata aamka asubuhi akiwa na Vista, gari la nyumbani, injini ileile, bei ya chini, na bosi wake amempa idadi ya kuuza. Kona ile kule kumesimama Linea. Mteja akiingia ataelekezwa wapi kwanza? Hakuhitajiki nia mbaya hapo. Mtoto wa kambo hata akipendwa, sahani yake yapakuliwa baadaye. Na gereji nazo zilikuwa gereji zilizozoea magari ya kazi na ya teksi. Mwenye Linea alipeleka gari lenye umeme mwingi na mitambo mipya kwa fundi ambaye jana alikuwa chini ya gari la teksi, na spea ikaambiwa iagizwe. Malalamiko ya wenye Fiat kuhusu huduma hizo yalijaa miaka yote ile.

Mwezi Mei 2012 wakatangaza kuachana upande wa maduka. Kiwanda kingebaki cha pamoja, lakini Fiat ingejitwalia uuzaji na huduma, na kujenga mtandao wake wa mawakala kuanzia chini. Walianza kwa madaha, wakafungua Pune na Delhi maduka ya aina ya mkahawa, mteja anywe kahawa ya Kitaliano huku akitazama gari. Mimi mtu wa Pwani siwezi kuikosoa kahawa. Lakini mtu ambaye gari lake limesimama kwa kukosa kifaa cha breki hataki kahawa, ataka kifaa.

Na hapa ndipo wengi wanapokosea wakisimulia kisa cha Fiat. Husema Fiat ilianguka kwa sababu ya Tata. Lau ingekuwa hivyo tu, basi kupata maduka yake mwenyewe kungeiponya. Haikupona. Kutoka 2013 mawakala wapya walitafutwa mji kwa mji, wakajenga, wakaajiri, wakapaka rangi nyekundu. Mwaka 2014 ikaja Linea iliyotengenezwa upya sura, Punto Evo, na Avventura iliyokuwa Punto iliyoinuliwa magurudumu na kufungwa tairi la akiba nyuma. Ukiziangalia vizuri, zote ni gari mbili zilezile za 2009 zilizobadilishwa nguo. Mauzo hayakuinuka.

Nimesomea biashara kwa kiwango cha diploma, si profesa, na kabla ya kuandika nilikaa miaka kadhaa nyuma ya meza ya duka la spea hapa mjini. Kwa hivyo nieleze jinsi wakala anavyokula, maana bila ya hilo kisa hakieleweki. Watu hudhani mwenye duka kubwa la magari atajirika kwa kuuza magari. Faida ya gari jipya ni nyembamba sana, na gari lenyewe amelinunua kwa kampuni kwa mkopo wa benki. Kila siku linapolala dukani riba yapanda juu yake. Wakala ashiba kwenye huduma na spea, pale magari aliyoyauza mwaka juzi na mwaka jana yanaporudi kubadilisha mafuta, klachi, pedi za breki. Wakala mpya hana magari ya mwaka juzi. Ajenga ukuta wa vioo kwa vipimo alivyopewa na kampuni, aweka vigae walivyochagua wao, anunua vyombo vya gereji walivyotaka wao, kisha angoja idadi ya magari mitaani ifike pale ambapo gereji yaweza kujilipa.

Wakala wa Fiat alikuwa na aina mbili za magari, zote za zamani. Wakala wa Maruti jirani yake alikuwa na aina zaidi ya kumi. Hesabu hiyo haihitaji diploma. Wakala akianza kuona hasara, apunguza mafundi. Akipunguza mafundi, huduma yaharibika. Huduma ikiharibika, habari zaenea, na mteja mpya aenda kwa jirani. Mwisho wakala afunga, na mwenye gari katika mji ule abaki asafiri mwendo wa saa tatu kufanya huduma. Mtandao wa maduka waweza kuoza hivyo bila mtu yeyote makao makuu kutoa amri ya kuufunga.

Mwaka 2016 kampuni, ambayo sasa ilikuwa Fiat Chrysler, ikaleta Jeep India, na mwaka 2017 ikaanza kuunda Jeep Compass pale pale Ranjangaon, nyingine zikipelekwa nchi zinazoendesha kushoto kama Australia na Uingereza. Macho na fedha zikahamia Jeep. Mawakala waliobaki wakageuza ubao wa jina. Fiat yenyewe ikafifia. Kanuni mpya za usalama na za moshi zilizokuwa zikija, zile za moshi zikianza tarehe 1 Aprili 2020, zilihitaji gharama ambayo hakuna mtu angeitia kwenye gari lisilouzika. Kufikia 2019 Punto na Linea zilikuwa zimekwisha. Na ile injini ya taifa nayo ikasimama kwa kanuni hizohizo za moshi, kwani Maruti waliamua kuachana na dizeli kabisa.

Mtu atasema, basi mgeni hawezi kujenga maduka yake India. Si kweli, na jina la kumjibu ni Hyundai. Wakorea waliingia 1996 bila ya mshirika wa Kihindi, wakajenga kiwanda karibu na Chennai, na 1998 wakatoa Santro, gari dogo refu kwenda juu, wakimtumia Shah Rukh Khan kulitangaza wakati ambapo jina Hyundai Wahindi wengi hawakujua hata walitamke vipi. Walijenga mawakala wao mmoja mmoja. Leo Hyundai ni miongoni mwa wauzaji wakubwa kabisa wa magari India, na mwezi Oktoba 2024 tawi lao la India liliuza hisa kwa umma katika uuzaji mkubwa kuliko wote uliokuwa umewahi kufanyika nchini humo. Kwa maoni yangu siri yao haikuwa matangazo. Walimpa wakala gari ambalo familia ya kipato cha kati yaweza kulinunua, spea zikitengenezwa hukohuko, kisha hawakumwacha na gari hilo moja akizeeka nalo. Kila baada ya muda alipata jingine.

Sasa nirudi kwenye hasara, maana ndiyo iliyonifanya niandike. Mwezi Mei 2017 General Motors ilitangaza kuacha kuuza Chevrolet India mwisho wa mwaka ule. Mwezi Septemba 2021 Ford nayo ikatangaza kuacha kuunda magari huko. Hawa hawakuwa wachuuzi wadogo, walikuwa na viwanda vya thamani kubwa. Na viwanda havikupotea. Kile cha Ford kilichoko Sanand kilichukuliwa na Tata, na kile cha General Motors cha Talegaon kikachukuliwa na Hyundai. Mashine hupata mnunuzi. Je, ukuta wa vioo wa wakala wa mji mdogo, uliojengwa kwa rangi na vipimo vya kampuni iliyoondoka, utanunuliwa na nani?

Shirikisho la mawakala wa magari la India, FADA, lilisema siku zile kwamba Ford ilikuwa na mawakala 170 wenye maduka 391, waliotia mtaji wa karibu rupee bilioni 20, na kwamba waliowaajiri walikaribia 40,000. Likasema pia kuwa wako waliopewa uwakala miezi mitano tu kabla ya tangazo. Mimi hili la miezi mitano lilinikalia moyoni. Mtu amekopa, pengine ameweka rehani nyumba ya babake, amekata utepe, amelisha watu pilau, na wino wa mkataba haujakauka vizuri mwenzake ashajua njia ya kutokea iko wapi. Sisemi walidanganya, siijui mikutano yao ya ndani. Nasema mkataba ulioruhusu hayo uliandikwa na upande mmoja, na upande wa pili ukatia sahihi kwa furaha.

Tangu hapo FADA wamekuwa wakidai sheria maalumu ya kumlinda wakala. Marekani majimbo mengi yana sheria kama hizo za zamani, kali hivi kwamba Tesla hadi leo hairuhusiwi kuuza moja kwa moja katika baadhi ya majimbo. Na wale wenye jamaa zao Ghuba wanajua vile familia za mawakala zilivyo na nguvu huko. Falme za Kiarabu zilikuwa na sheria ya mwaka 1981 iliyofanya kumwondoa wakala wa nchi kuwa kazi ngumu mno, hadi ilipobadilishwa na sheria mpya ya 2022. Ulinzi wa namna hiyo nao una kasoro zake. Familia moja ikishika jina la gari kwa miaka hamsini bila ya mpinzani, bei yajiamulia yenyewe.

Wako waliojaribu njia ya katikati. Mercedes-Benz mwezi Oktoba 2021 ilibadilisha mtindo wake India. Magari yabaki mali ya kampuni hadi dakika ya kuuzwa, bei ni moja nchi nzima, na wakala apata ujira wake kwa kila gari akiwa kama mpokezi wa mteja na mwenye gereji. Wakala hana tena riba ya gari lililolala. Lakini hana tena uwezo wa kumpunguzia mteja hata rupee. Nafikiria mtu wa kwetu akiingia duka ambalo hakuna kupatana, atatoka akiwa amenunua lakini hakushiba. Kwa upande wa mnunuzi sioni kuwa ni hasara, bei moja yamwokoa yule asiyejua kupatana. Ila nguvu yote imehamia kwa mwenye kampuni, na Tesla imekwenda mbele zaidi ya hapo, kwani hata huyo mpokezi hayuko.

Tesla ikifunga duka Mumbai kesho, hakuna wakala atakayelia. Hiyo ni kweli na ni jambo jema. Lakini vilevile hakuna mtu wa palepale mwenye gereji, mwenye mafundi na mwenye sababu ya kuendelea kuhudumia magari yale ili kuokoa mtaji wake. Wakala aliyeumia hubaki, ndiyo tofauti. Mawakala kadhaa wa kampuni zilizoondoka waliendelea kutengeneza magari yaliyouzwa kwa sababu hawakuwa na pa kwenda.

Hapa kwetu mwaka uleule wa 2017, General Motors ilipokuwa ikiondoka India, iliondoka pia Kenya. Wengi hawakuhisi. Iliuza hisa zake, asilimia 57.7, kwa Isuzu, na General Motors East Africa ikawa Isuzu East Africa. Malori ni yaleyale, kiwanda Nairobi ni kilekile, mawakala ni walewale, spea zikaendelea kuja. Mwenye canter ya kubeba mchanga Kilifi hakulala njaa hata siku moja kwa ajili ya uamuzi wa Detroit. Kampuni moja, mwaka mmoja, nchi mbili. Kule ilifunga maduka, huku iliuza kwa mtu anayetaka kuyaendesha. Ndiyo maana sikubali maneno kwamba kampuni ya kigeni ikiondoka lazima iache vifusi.

Lakini kusema kweli magari mengi tunayopanda Mombasa hayana wakala wala mwenye kampuni. Yashuka bandarini yakiwa ya mtumba kutoka Japani, umri usiozidi miaka minane kwa sheria yetu, yaingia yadi za Ganjoni na Nyali, na kuanzia hapo yatunzwa na mafundi wa vichochoroni na maduka ya spea za Japani na Dubai. Huo ni mtandao pia. Hakuna aliyeukatia utepe, hakuna aliyeupaka rangi, na hakuna mtu Tokyo awezaye kuufunga kwa barua. Nilipokuwa dukani nilishuhudia hilo. Gari likiwa la aina inayojulikana, spea iko mtaa wa tatu. Likiwa la ajabu, mwenye gari huwa mnyonge, aja kila Jumatatu kuuliza kama kifaa chake kimefika. Mmoja alikuja miezi minne. Mwisho aliuza gari kwa bei ya chuma.

Mtandao wetu huu umejengwa juu ya injini ambayo fundi aweza kuifungua. Magari ya umeme hayako hivyo, mengi yafunguka kwa kompyuta na neno la siri, na mwenye neno la siri ni kampuni. Bodaboda za umeme zishaingia mjini mwetu, zile za kubadilisha betri kwenye vituo. Pikipiki ni ya kijana, betri ni ya kampuni, na kituo ni cha kampuni. Ni njia ya Tesla hiyo, kwa bei ya mtu wa kawaida. Petroli ikipanda nawaona vijana wakizitamani, na mimi siwakatazi, hesabu ya kila siku yawafaa.

Wiki iliyopita nilipanda moja kutoka Bondeni. Imetulia, haina kelele, nimeipenda. Tulipofika nilimuuliza kijana, kampuni ikifunga vituo, pikipiki hii utaifanyaje? Alicheka kidogo, akaitazama ile betri chini ya kiti.

"Ami, hilo sikuuliza. Na karatasi niliyotia sahihi wanayo wao."